Saa ya Njia ya Tatu

Nyumba yetu ya Ilemela, iliyobanwa katikati ya mawe makubwa, ilinukia spiriti na nta ya mshumaa kila jioni ya kuamkia mashindano ya kuogelea. Baba alikuwa fundi saa. Miaka hiyo ya tisini maduka ya mjini yalijaa saa za plastiki kutoka Dubai, na mtu saa ikimfia alinunua nyingine, hivyo meza ya baba ilipata vumbi zaidi kuliko wateja. Kazi aliyoipenda ilikuwa ya bure: kuziweka hai saa tatu za kupimia mbio za kuogelea, ambazo shule zetu ziliazimana. Ugonjwa wa saa hizo ulikuwa maji. Baba alizifungua kwa bisibisi nyembamba kama sindano, akasugua kutu kwa mswaki uliochovywa spiriti, akazilaza ndani ya bakuli la mchele mkavu. Kisha aliweka kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli chini ya kila kitufe ili maji yasipite, akaziba kingo kwa nta. Mama alilalamika kwamba wali wetu una ladha ya betri. "Kula, mama Koleta," baba alimjibu, "kesho utaamka kwa wakati."

Koleta alikuwa dada yangu, msichana wa miaka kumi na minne mwenye miguu mirefu, aliyejifunza kuogelea ziwani tulipokwenda kufua. Nilipokuwa darasa la tano ilitangazwa kwamba msichana atakayeogelea mita hamsini chini ya sekunde arobaini atapelekwa kushindana Dar es Salaam. Koleta hakuwa amefika hata Shinyanga. Alianza kupanga nguo sandukuni wiki mbili kabla.

Mara hiyo mpira wa baiskeli ulitosha kwa saa mbili tu kati ya zile tatu. Ya tatu baba akaitilia mpira wa lori, ambao ni mnene. Lisilo budi hutendwa, alisema, nasi tulimwamini.

Siku ya mashindano, mwalimu wa kupima njia ya tatu hakuja. Nikapewa saa mimi, kwa kuwa nilikaa karibu na baba na vidole vyangu vilizoea vitufe. Njia ya tatu ilikuwa ya Koleta. Filimbi ilipolia nikabonyeza. Namba hazikutembea. Nikabonyeza tena kwa nguvu, zikatembea. Koleta alikwisha kuwa majini. Alipogusa ukuta saa ilisoma thelathini na tisa na nusu. Nikaitaja, watu wakapiga makofi, naye akanikumbatia akiwa amelowa hadi gauni langu likanigandia mwilini.

Baba alikuwa na desturi ya kumuuliza kila mpimaji, kama daktari anavyomuuliza mgonjwa: "Kitufe kilishikaje?" Hakuwa akinitega. Nami nikamjibu kama siku zote. "Mara ya kwanza hakikushika, baba. Nikabonyeza tena."

Baba akamwendea mwalimu msimamizi, akamweleza kwamba mpira ule ni kosa lake na muda ule si wa kweli. Nusu saa baadaye Koleta alirudia, peke yake bwawani, kwa saa nyingine. Arobaini na moja.

Njiani kurudi hakulia. Aliniambia tu, "Mwaka mzima nikikuuliza nani kala sukari, unanyamaza. Leo ndiyo umepata mdomo."

"Mwache mdogo wako," baba akasema. "Mpira niliukata mimi."

"Nawe nimekusikia, baba."

Husemwa kwamba msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Hawasemi kama dada yake naye atampenda. Koleta alinipenda, hilo nalijua. Alinisuka nywele hadi nilipoolewa. Lakini Dar es Salaam hakufika mpaka mwaka juzi, alipopelekwa kutibiwa, na bahari hakuiona kwa sababu hakuweza tena kukaa. Tulimzika Buswelu. Sijui kama ningesema tena nilichosema. Nimejiuliza kanisani na nimejiuliza jikoni, na jibu hubadilika.

Siku hizi binti yake anaogelea. Kila mzazi ana simu inayopima hadi vipande vya sekunde, na hakuna anayelaza kitu ndani ya mchele usiku kucha kwa ajili ya watoto wa wengine. Mambo yamekuwa mepesi, nami nafurahi. Ila walimu wakiniomba nishike simu nimpimie binti huyo, huwaambia macho yangu hayaoni vizuri. Macho yangu ni mazima.