Mguu Mmoja wa Fundi Macho

Fundi Macho hakupewa jina hilo kwa sababu ya kutengeneza miwani tu, ingawa hiyo ndiyo kazi yake ya miaka ishirini na sita. Alipewa kwa sababu macho yake mwenyewe yalikuwa mekundu siku zote, kama ya mtu aliyetoka kupuliza moto wa kuni mbichi. Wateja wapya walimtazama, wakaitazama miwani yao mkononi mwake, wakasita. Wengine waliamini kabisa kwamba anapiga maji. Wala hakuwa mnywaji. Alikuwa na damu nyingi kupita kiasi.

Ndivyo alivyoelezwa miaka saba nyuma: uboho ulio ndani ya mifupa yake unatengeneza damu bila breki, mpaka inakuwa nzito na inaweza kuganda mahali isipotakiwa. Dawa yake ni vidonge kila siku, na kila baada ya wiki kadhaa aende kliniki akatolewe mfuko mmoja. Shemeji yake mpaka leo hajaelewa. "Wenzako wanahangaika kutafuta wa kuwaongezea," humwambia, "wewe unakwenda kupunguzwa kama tangi lililofurika?"

Fundi alikuwa ameshauzoea ugonjwa wake. Kichwa kikianza kuwa kizito, na ngozi ikimwasha akitoka kuoga maji ya moto, alijua siku za kutolewa damu zimekaribia. Kwa hiyo Jumanne ile, kichwa kilipoanza kumgonga akiwa anasaga lenzi, hakushtuka. Tarehe yake ya kliniki ilikuwa Ijumaa. Akanywa maji, akaendelea na kazi. Alhamisi mwili wote ukawa unamuuma, na skrubu ndogo ya fremu ikamponyoka vidoleni mara tatu. Jioni mkewe, mwalimu wa darasa la tatu, akamgusa paji la uso.

"Baba Mapacha, unachemka."

"Ni hii damu tu. Kesho wananitoa."

"Damu haijawahi kukukohoza."

Kweli Fundi alikuwa anakohoa tangu asubuhi, ila alikuwa amelisingizia vumbi la lenzi.

Kesho yake wakaenda kwanza zahanati ya jirani. Akaingizwa kijiti puani, machozi yakamtoka, na baada ya muda akaambiwa ana korona. Akaipigia simu kliniki ya damu.

"Usije, mzee," sista akamwambia. "Hapa kuna watu kinga yao ni ndogo sana. Jitenge kwanza."

"Na damu yangu?"

"Hebu waulize watu wa korona."

Akaipiga namba ya korona aliyopewa zahanati. Sauti ya upole ikamsikiliza mpaka mwisho, kisha ikasema, "Kama una ugonjwa wa damu, mzee, muulize daktari wako wa damu." Fundi akabaki ameshika simu, hajui aanzie wapi tena.

Akahamia chumba cha mapacha wao waliokuwa chuoni, akalala kitanda cha chini huku miguu ikichungulia nje. Hapo ndipo akili ilipoanza kumchanganyikia. Alijaribu kuwagawia wagonjwa wawili waliokuwa ndani yake kila mmoja haki yake: kikohozi cha korona, kuwashwa kwa damu. Lakini kichwa kilikuwa cha nani? Na huu uchovu wa kushindwa hata kuvaa soksi? Vidonge navyo vilimtatiza. Aliwahi kuambiwa kwamba vinashusha kinga. Je, aendelee navyo sasa au aviache? Siku moja alivimeza asubuhi, mchana akasahau kama amevimeza, akavimwaga kitandani kuvihesabu, na hesabu ikamgomea.

"Usiache wala usizidishe mpaka daktari aseme," mkewe akamwambia kutoka mlangoni, barakoa usoni. Tangu siku hiyo akawa anamletea mwenyewe, kwenye kisahani.

Siku ya nane homa ilishuka. Fundi akainuka kupokea chakula, na mkewe, badala ya kumpa sahani, akaiweka chini.

"Simama hapo hapo. Geuka."

"Kuna nini tena?"

"Huo mguu wa kushoto."

"Ah, ni maumivu ya korona. Si walisema mwili mzima utauma?"

"Mwili mzima una miguu miwili, Baba Mapacha. Mbona umevimba mmoja?"

Fundi akainama kuitazama miguu yake kana kwamba ameletewa ya mtu mwingine. Mkewe alikuwa ameshapiga simu kliniki, na safari hii aligoma kukata mpaka daktari wa damu mwenyewe aliposhika. "Mleteni hospitali sasa hivi," daktari akasema. "Na asiusugue huo mguu."

Hospitali wakampima kwa mashine, wakaona bonge la damu limeziba mshipa. Sista aliyejifunika mpaka macho akaja na sindano. Fundi, kwa mazoea, akakunja mkono wa shati, akamnyooshea mkono. Sista akaupita mkono, akafunua tumbo.

"Hamnitoi?"

"Leo hatutoi, mzee. Tunazuia isigande."

Alilala huko siku sita. Watu wote walionekana macho tu na nguo nyeupe, hakumjua nani ni nani, na chakula alichokula hakikuwa na ladha wala harufu. Uvimbe ulipungua, akaruhusiwa, akiwa na vidonge vipya juu ya vile vya zamani.

Mwezi mmoja baadaye daktari wa damu alitazama majibu yake, akatazama tena.

"Imeshuka, mzee. Leo hatukutoi."

"Nimepona?"

"Hapana."

"Basi korona imenisaidia?"

"Sijasema hivyo. Kwa kweli sijui. Mwili ukiugua, mengi hubadilika. Tutapima tena wiki nne zijazo."

Fundi akatoka na damu yake yote, hajui kama afurahi au aogope. Mkewe alikuwa anamsubiri kwenye benchi la nje.

"Wamesemaje?"

Akafungua mdomo amweleze, maneno yakakosa mpangilio. "Wamesema nirudi."

"Na?"

"Na nitembee kila siku."

"Hilo angalau limeeleweka," mkewe akasema, akainuka. Wakaondoka polepole, mwalimu akitembea upande wa kushoto, ule wa mguu uliovimba.