Saini Yangu Kwenye Geji

Kazi yangu ilikuwa kupima geji za presha katika hoteli za Diani. Siku za Ijumaa, ili niwahi msikitini, nilizoea kubandika kwanza karatasi zenye saini yangu, za kuthibitisha kuwa geji ni sahihi, kisha kupima geji moja moja. Ijumaa ile adhana ilinikuta nimebakiza kupima moja, ya boila ya dobi. Nikasema nitaipima nikirudi.

Boila ile ilikuwa mikononi mwa shemeji yangu, mume wa dada yangu. Baada ya swala nilikawia kusalimiana na wazee wa kijiji cha Mwabungo. Shemeji alitangulia kurudi kwenye boila. Mshale wa geji ile, kumbe mbovu, ulionyesha presha ndogo kuliko iliyokuwamo, naye akazidisha moto mpaka bomba likapasuka na mvuke ukamuunguza.

Hospitalini alinishika mkono. "Niliiona saini yako, shemeji, nikatulia," akasema. Hakuwa akinilaumu. Alifariki siku ya tatu.

Nilimweleza dada yangu yote. Alinipakulia wali, kisha akasema, "Ni siku yake iliyofika, kaka. Kaa ule."

Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa moyo wa dada yangu. Lakini wali ule sikuweza kuumeza.