Udongo Uliolala Ndani ya Frigo

Mimi nilizaliwa Bunia, nikasomea Bunia, na barafu pekee niliyoijua ni ile ya frigo ya mafuta ya taa ya mama mmoja wa dukani, jirani yetu, aliyehamia kwetu kutoka Butembo. Sasa programu ya shule, iliyotungwa Kinshasa na watu ambao nao labda hawajaona theluji, inanitaka nifundishe jinsi baridi ya nchi za mbali inavyodhoofisha udongo wa mawe. Na ni siku ya somo hilohilo inspekta wa shule atakuja kuamua kama nibaki kazini au nikalime maharagwe kwa wajomba kijijini Aveba. Niliogopa, sina haja ya kuficha.

Basi nikachukua udongo wenye changarawe kando ya barabara ya Marabo, nikaulowesha, nikaufinyanga madonge. Mengine nikayaacha kabatini. Mengine nikampelekea mama wa dukani, nikayapanga ndani ya frigo kando ya samaki wa ziwa. Asubuhi nayatoa yayeyuke juani, jioni nayarudisha. Maji yaliyojipenyeza kati ya vijiwe yakiganda yanavimba, yanasukuma kila upande. Yakiyeyuka yanaacha nafasi, na maji mengine yanaingia humo. Kila mara donge lilizidi kulegea, mpaka nikilibonyeza kwa kidole linakubali. Nilifurahi kuliko wachimba dhahabu wa Mongbwalu.

Asubuhi ya inspekta nikafika dukani, nikafungua frigo. Samaki wapo, bia zipo, madonge hakuna.

“Mwalimu, niliuzisha,” akasema mama wa dukani bila haya yoyote. “Bamama ba mimba banapita, banaona udongo iko baridi, banataka kula. Siye tulifikiri weye unaanza commerce ya kuuzisha udongo.”

“Na mawe je?”

“Banatema. Banasema udongo ya soko inaumiza meno, lakini hii yako inavunjika yenyewe mu kinywa.”

Nikaingia darasani na madonge makavu ya kabatini peke yake. Inspekta, ambaye kwa amri ya siku hizo tulimwita citoyen, yaani raia, alikuwa amekaa nyuma, koti lake la abakosti limefungwa mpaka shingoni, uso umekunjamana tangu nyumbani kwake. Nikapanda juu ya donge, likanibeba. Nikasema kwamba lile lililogandishwa na kuyeyushwa mara nyingi lingesagika.

“Liko wapi?” akauliza.

“Limeliwa, citoyen.”

Darasa zima likavunjika mbavu. Nilikasirika karibu nilie, lakini nikaeleza yote: maji, nafasi, frigo, wanawake wajawazito, meno yao. Yeye hakucheka. Aliandika, akaandika tena, kisha akaniita nje. Nikajua maharagwe yananingoja.

“Utabaki,” akasema.

Kabla sijamshukuru, akageuka kutazama kama wanafunzi wanasikia, akashusha sauti.

“Lakini iyo duka, mwalimu, iko upande gani? Muke yangu iko na mimba, na meno inamuuma sana.”