Mama Immaculée Akataa Kutema

Mama Immaculée Birindwa alikuwa mwanamke wa adabu zake. Tangu Bukavu, Kongo, mpaka Columbus, Marekani, mtaa wa Linden, hakuna aliyewahi kumwona akitema. Kohozi likimpanda kanisani, alilimeza kimya, akapangusa midomo, akaendelea na wimbo.

Mwaka 2015 kikohozi kilimganda. Akakonda. Kisha tumbo nalo likaanza kumkata, chini upande wa kulia. Hospitalini wakaona uvimbe kwenye utumbo, wakasema huenda wakampasua. Hapo ndipo alipoogopa. Mama yake mdogo alipasuliwa tumbo kule Bukavu, na hakurudi nyumbani.

Daktari mmoja kijana akaitazama picha ya kifua chake, akavaa barakoa, akamwekea kikopo.

"Tema humu, Mama. Nikikuta kifua kikuu, vidonge vitatosha. Hatutakupasua." Binti yake Sandrine akafasiri.

"Mbele ya batu? Hapana," akasema Mama. "Na umwambie huyu mtoto, tumbo ndilo linaniuma. Nimekata mbuzi mingi, miye. Kati ya kifua na tumbo kuna ile nyama nyembamba, imefunga kama mlango. Ya juu inabakia juu."

Daktari akacheka. "Kweli, Mama. Lakini chakula kinapitaje?"

Mama akauona akilini umio wa mbuzi, anauvuta kwa mkono, umeshuka kutoka shingoni ukaitoboa ile nyama hadi tumboni.

"Bon. Chakula kina njia yake," akasema taratibu.

"Na kohozi unalomeza linapita njia hiyohiyo, limebeba wadudu wa kifuani."

"Donc, yaani umejilisha ugonjwa mwenyewe, Mama!" Sandrine akadakia. "Kwa adabu!"

"Funga kinywa, we! Uliona wapi mama yako anatematema kama dereva wa lori?" Lakini mkono ulikuwa umeshakichukua kikopo. "Tokeni. Wote. Na huyo daktari wako."

Wakasimama nje. Kikohozi kilichosikika mle ndani kilimfanya muuguzi aache kuandika. Kisha mlango ukafunguka kidogo, mkono ukakitoa kikopo kimefunikwa kitambaa safi, kama mtu anayepakulia wageni.

Wadudu wakaonekana. Mama akameza vidonge miezi kadhaa, akilalamika kwamba mkojo umegeuka rangi ya Fanta. Uvimbe ukayeyuka, mashavu yakarudi. Tumbo lake halina mshono hata mmoja, na wanawake wenzake wanaokaa Morse Road wakimtembelea, nusura awaonyeshe.