Vioo Vilivyooshwa Kiwayu

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nivue bangili. Nilikuwa msichana wa Amu, ndiyo Lamu, nimetoka chuoni na cheti changu cha hesabu, mikononi nina bangili za marehemu bibi yangu. Mkuu wa Kituo alinisimamisha mlangoni mwa chumba cha kupimia, hata salamu yangu hajaiitika.

"Hizo zitakwaruza kioo," alisema. "Na mkwaruzo ukiutazama kwenye hadubini unafanana na nyota. Vua, Bi Rukia, kisha uingie."

Nilizivua, nikaingia. Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu, na ambayo hadi leo watu wa mtaani kwetu hawaijui. Wakisikia nilikuwa kwenye kituo cha nyota, hudhani nilikuwa nikipiga falaki na kuwatazamia watu ndoa zao. Zamani nilikuwa nikicheka. Sasa sicheki tena. Kazi yangu ilikuwa kupima.

Kituo chetu kilikuwa kisiwani Kiwayu, mbali na mji wa wavuvi, mahali ambapo giza lilikuwa giza kwelikweli. Waliokiweka pale walikuwa na sababu. Kiwayu iko kusini kidogo tu ya Ikweta, na mtu akiwa pale huziona nyota za kaskazini na za kusini kwa pamoja. Waliopima mbingu ya kaskazini walikuwa na orodha yao, wa kusini nao yao, na orodha hizo zilipokutana hazikulingana. Vituo vya Ikweta ndivyo vilivyoziunganisha.

Nyota tulizozipima huitwa nyota za rejea. Ukitaka kujua kitu chochote angani kiko wapi, ni lazima kwanza uwe na nyota ambazo mahali pake pamejulikana barabara. Ni kama vigingi vya mpima ardhi: kigingi kimoja kikikosewa, mashamba yote yaliyopimwa kutokea hapo yamekosewa. Ila vigingi vya mbinguni vina taabu moja zaidi, vyenyewe vinatembea. Vinatembea polepole mno, mtu huzaliwa na kufa asitambue tofauti, na kila kimoja kina upande wake. Kwa hiyo orodha nzuri husema mambo mawili: nyota iko wapi, na mwendo wake ni upi. Mahali pa nyota hupatikana kwa picha moja. Mwendo unahitaji picha mbili za sehemu ileile ya mbingu, ya zamani na ya sasa, zilizoachana miaka mingi. Naomba mlishike hilo. Bila picha ya zamani hakuna mwendo.

Picha zetu zilikuwa za vioo. Karatasi na filamu hujikunja kwa unyevu, lakini kioo hubaki vilevile. Upande mmoja kilipakwa utando wa dawa, na nyota zilitokea juu yake kama vidoa vyeusi, vingine vidogo kuliko vumbi. Mimi nilikiweka kioo chini ya hadubini, nikauleta uzi mwembamba wa mashine katikati ya kidoa, nikasoma namba. Nikimaliza, nilikigeuza kioo juu chini, nikapima vidoa vilevile upya.

Wiki ya kwanza sikuona maana ya kurudia. Mkuu wa Kituo alikuja akasimama nyuma yangu.

"Mbona hukukigeuza kioo?"

"Nina uhakika na vipimo vyangu, Bwana Mkuu."

"Uhakika wako siwezi kuuandika kwenye orodha. Kila jicho lina upande linaovutia, langu, lako, la kila mtu. Ukipima mara mbili, kwa pande mbili, lile kosa linajifuta lenyewe. Geuza."

Alikuwa mtu mkavu, lakini sikuwahi kumwona akimwomba mtu afanye asichokifanya yeye. Alipostaafu, alikuwa bado akigeuza vioo.

Mpigapicha wetu alikuwa Bwana Athmani, mtu wa Pate. Usiku wote aliishikilia darubini isiiache nyota yake, maana mbingu inazunguka na darubini lazima iifuate, na kazi hiyo ilimpinda shingo ujana wake ungali mpya. Kila kioo alikifunga kwa karatasi, akakisimamisha wima katika ghala la mawe, akaweka makopo ya chokaa kavu pembeni ili inywe unyevu wa bahari. Ghala lile lilikuwa limeihifadhi mbingu nzima inayoonekana Kiwayu.

Miaka ilikwenda. Nilipanda cheo, nikawa Msimamizi wa Upimaji, kisha nikahamishiwa makao makuu ya idara yetu Nairobi. Huko ililetwa mashine mpya, ya kujiendesha, na mimi ndiye niliyepewa kuiandaa. Sisi kwa mikono tulikuwa tumepima zile nyota angavu tu. Katika kila kioo palikuwa na nyota hafifu kwa maelfu, ambazo maisha ya mpimaji mmoja yasingezimaliza. Mashine ile ingezimaliza. Wakati huohuo vijana wa Kiwayu walikuwa wamepiga picha mpya za mbingu ileile. Picha za zamani tulikuwa nazo, za sasa tulikuwa nazo, na mashine ilikuwa tayari. Nilimwandikia Mkurugenzi, mkubwa wetu mpya aliyekuwa amehamia Kiwayu kwa muda, kwamba vioo vya zamani visiguswe mpaka nije kuvichukua.

Nilikuwa ofisini mchana simu ilipolia. Alikuwa Bwana Athmani, akiniita nije.

"Bi Rukia, kuya. Waosha vioo."

Sikuelewa. Nilidhani wanapangusa vumbi.

"Waviosha kwa mayi ya moto na magadi," alisema. "Wautoa utando. Kuya, Bi, kuya upesi."

Nilipanda basi mpaka Mokowe, nikakodi boti mpaka Kiwayu, na njia nzima nilijiambia kwamba mzee amekosea. Hakukosea. Uani palikuwa na mapipa ya maji yanayotoka mvuke. Vibarua walikuwa wakizamisha vioo, wakikwangua kwa visu butu, wakisuuza, wakivianika juani juu ya mikeka. Vilikuwa safi, vinang'aa. Pembeni seremala alikuwa akivipachika kwenye milango ya vyumba vipya vya wageni, kimoja kimoja, kama vigae. Maji meusi yalikuwa yakitiririka mchangani. Niliyatazama yale maji, na nasema bila kificho, kama ningekuwa na nguvu ningemtumbukiza mtu mle.

Mkurugenzi alikuwa ameketi barazani. Aliniona akatabasamu.

"Bi Rukia! Karibu. Hukutuarifu."

"Nani ameamuru hivi?"

"Ni mimi. Vile ni vioo vikuukuu. Vipimo vyake tunavyo vitabuni tangu zamani."

"Vya nyota angavu! Hafifu hazijapimwa hata moja. Mashine iko tayari Nairobi, nimetoka kuijaribu kwa mikono yangu."

"Kituo lazima kijitegemee. Wageni watakuja kutazama nyota. Watalala wapi, mchangani?"

"Kwa hiyo umeifuta mbingu ili upate madirisha ya kuitazamia?"

"Teremsha sauti. Wafanyakazi wanasikia."

"Nao wasikie!"

Vibarua waliacha kukwangua. Yeye aliinuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Hilo ndilo jibu nililopata.

Nilimkuta Bwana Athmani ameketi kizingitini mwa ghala. Alikuwa amekaa pale tangu siku iliyopita, wamemwambia aondoke, hakuondoka. Nyuma yake palikuwa na vioo vilivyobaki, pengine nusu.

"Wataka kuvipeleka wapi?" aliniuliza.

"Kwetu, Amu."

"Watatufukuza kazi."

"Watatufukuza."

Aliinuka kizingitini, akasema, "Havilazwi, Bi. Wima. Nitavipanga mimi."

Tulivipakia mchana kweupe, ndani ya boti ileile iliyonileta, vimesimama wima baina ya magodoro. Mkurugenzi alitutazama dirishani. Nyumbani Amu mama yangu alikihama chumba chake cha ndani kabisa, ambako upepo wa bahari haufiki, vioo vikae humo. Hakuniuliza swali. Aliuliza tu kama vinavunjika upesi.

Askari walikuja baadaye, wawili, wenye adabu, wakaona haya kuzungumza na mama mzee, wakaondoka bila kuvigusa vioo. Nikaitwa Nairobi mbele ya kamati ya nidhamu. Shtaka lilikuwa kuchukua mali ya serikali bila idhini. Mwenyekiti aliniuliza nilivichukuaje, kwa chombo gani, nani alinisaidia. Hakuna hata mmoja wao aliyeuliza nani alivifuta vingine. Nilipolitaja mimi, niliambiwa hilo halimo katika ajenda. Nilisimamishwa kazi. Bwana Athmani, baada ya umri wake wote kwenye darubini ile, aliachishwa kabisa. Alirudi Pate akalima, shingo yake imepinda vilevile, na alifariki kabla hajarudishiwa heshima yake. Mtu akiniambia nipunguze hasira, huwa namkumbuka yeye, na hasira hupanda badala ya kushuka.

Kilichonirudisha kazini hakikuwa haki. Vituo vya nchi nyingine vilivyoshiriki katika orodha vilianza kuuliza sehemu ya Kiwayu iko wapi. Wakubwa walikuwa na jambo la kuonea haya mbele ya wageni, na hapo ndipo walipokumbuka kwamba niko hai. Vioo vya chumbani kwa mama vilipelekwa Nairobi nikiwa navyo, vikapimwa na mashine. Vilitoa kila tulichokitarajia. Miongoni mwa nyota zake palikuwa na moja hafifu ambayo njia yake haikunyooka, inayumba kidogo huku na huku, kwa sababu ina mwenzake asiyeonekana anayeivuta. Kuyumba kule kulikuwa kwa muda mrefu kiasi kwamba bila vioo vya Bwana Athmani vya miaka mbalimbali kusingejulikana. Nililia mbele ya mashine siku ile, kwa furaha, na pia kwa kufikiria nyota za namna hiyo zilizokwenda na maji ya magadi.

Orodha ilipotoka, ilikuwa na pengo. Mkanda mzima wa mbingu una mahali pa nyota, lakini safu za mwendo wa nyota hafifu ni tupu. Na katika dibaji, Mkurugenzi aliushukuru uongozi kwa uangalifu wake katika kuvihifadhi vioo vya Kiwayu. Niliisoma nimesimama. Nikatoka ofisini, nikatembea Nairobi nzima mpaka miguu ikakataa.

Nilistaafu nikarudi Amu. Vijana wanaosoma sayansi hunijia, na mara nyingi husema, "Lakini Bi, si siku hizi satelaiti inapima yote?" Inapima, tena kwa usahihi ambao sisi hatukuuota. Nafurahi nao. Lakini satelaiti hupima mbingu ya leo. Haiwezi kurudi nyuma ikapiga picha usiku ambao Bwana Athmani alikuwa kijana. Wale wanaosema kwamba basi hasara imefidiwa, hawajui wanachokisema, na huwaambia hivyo usoni.

Mwaka huu, siku moja baada ya Alasiri, Mkurugenzi alikuja nyumbani kwangu. Sikumtambua mara moja. Amekuwa mzee wa fimbo, bintiye amemshika mkono. Niliwakaribisha juu, wakaletewa kahawa.

"Bi Rukia," alisema, "nakwenda hija, Mungu akipenda. Nimekuja kutaka radhi."

"Radhi ya nini?"

"Ya yote yaliyopita baina yetu. Tulikuwa kazini, na watu hukoseana."

"Sisi hatukukoseana. Litaje kosa lako."

Bintiye aliingilia. "Shangazi, baba ni mgonjwa."

"Namuona, mwanangu. Ulimi wake ni mzima."

Mzee alikiweka kikombe chini. "Niliamuru vioo vioshwe."

"Naam."

"Barua yako ilikuwa imenifika. Na Bwana Athmani alinieleza, zaidi ya mara moja, kwamba nyota hafifu hazijapimwa. Nilijua, Bi Rukia. Wizara ilikuwa inakuja kukagua vyumba, nami nikataka milango ionekane imekamilika."

Miaka yote ile nilikuwa nimejipoza kwa jambo moja, kwamba huenda barua ilipotea, huenda alianza kwa kutojua na alipojua akaona aibu kurudi nyuma. Sasa hata hilo aliniondolea.

"Ya kusimamishwa kazi nimekusamehe," nilimwambia. "Ya askari mlangoni kwa mamangu nimekusamehe. Ya Athmani, nenda Pate kwa wanawe, ukaseme kama ulivyosema hapa, neno kwa neno. Ya vioo si yangu kusamehe."

"Ni ya nani?"

"Ya watakaotaka kupima baada yetu. Wengi wao hawajazaliwa. Sijui utawapata wapi."

Alilia. Bintiye alimfuta machozi kwa mtandio wake, akanitazama kama anayengoja niongeze neno. Waliinuka, wakaaga, nikaitika. Kwetu mgeni husindikizwa mpaka mlango wa nje, hata awe nani. Nilisikia fimbo ikishuka ngazi kidato kwa kidato, mlango ukafunguliwa, ukafungwa, nami nilikuwa bado nimeketi.