Joto la Vyumba Vitatu

Kila asubuhi, kabla hata ya kuchemsha maji, Maman Nsimire hushika vidole vya miguu vya mume wake. Havisugui. Anavishika tu asikie kama vina baridi, kisha anavifunika tena.

Mume wake, Papa Mushagalusa, hatembei tangu damu ilipompanda kichwani akapooza. Alikuwa fundi seremala. Sasa analala katika chumba cha nyuma cha nyumba yao hapa Ibanda, upande unaopigwa na upepo wa ziwa. Daktari alisema mapafu yake hayatavumilia baridi.

Kwa hiyo mtoto wao Hervé, anayeishi Ubelgiji, alituma vipasha joto vitatu vya umeme, pamoja na vipima joto vidogo visivyo na waya, kimoja kwa kila chumba. Umeme wa sola hautoshi kuwasha vyote kwa pamoja. Vipima joto hutoa habari, na umeme huenda kwenye chumba chenye baridi zaidi mpaka vyumba vilingane. Hervé huvifuatilia kwenye simu yake.

Mimi ni jirani, nilikuwapo siku ya kuvifunga.

"Hii kitu inatuchunguza," alisema Eulalie, wifi wa Nsimire. "Kesho itaambia Hervé nani alikula nyama ya mwisho."

"Itasema ni wewe," Nsimire alijibu, bila kucheka.

Kipima joto cha chumba cha mume wake alikiweka juu ya dekoda ya televisheni, mahali pa heshima. Akakifunika kwa kitambaa alichofuma mwenyewe, kama alivyofunika redio, viti na televisheni yenyewe. Kitu kizuri hakiachwi wazi kwa vumbi.

Mvua zilipoanza, Papa akaanza kukohoa. Nsimire akampigia Hervé.

"Papa iko baridi."

"Hapana, maman. Chumba ya papa iko moto kupita zote. Niko naona hapa."

"Sawa."

Aliongeza blanketi. Kikohozi kilishuka kifuani, homa ikapanda, na muuguzi akawa anakuja kumchoma sindano. Kipasha joto cha chumba kile kilibaki kimezimwa, kimya kama kabati.

Siku moja Hervé alitaka kumwona baba yake kwa video.

"Maman, nionyeshe na ile kamashini ya kupima joto. Iko wapi?"

"Chini ya kitambaa."

"Kitambaa gani?"

Nsimire alikiinua. Dekoda, isiyozimwa tangu asubuhi, ilikuwa ya moto. Alimwambia Hervé hivyo.

"Maman, inapima dekoda. Haipime chumba."

"Ah bon, kumbe," alisema Nsimire.

"Mungu wangu!" Eulalie alipiga makofi. "Dekoda imelala vizuri, kaka yangu na baridi!"

Nsimire alikunja kitambaa mara mbili, akakiweka kwenye droo. Walikitundika kipima joto ukutani karibu na kitanda, na kabla ya chakula cha mchana chumba kilikuwa na joto. Homa ilishuka baada ya siku chache. Lakini Papa amepungua sana. Uji inabidi anyweshwe kwa kijiko.

Jana niliwapelekea sombe, mboga ya majani ya muhogo. Mvua ilikuwa inanyesha. Hervé sasa ameelekeza umeme wote chumba cha nyuma, na sebule anakolala Nsimire ilikuwa kama nje. Alikaa hapo, mikono wazi, bila kitenge mabegani.

"Maman, na wewe, unasikia baridi?" nilimwuliza.

"Sijui," alisema. "Sisikii tena kitu."