Mizinga ya Tryphena

Tryphena wa Sagalla, huko upande wa Voi, alijua kuomba. Wala si kuomba kwa kunong'ona. Akianza yeye, mbuzi wa jirani huacha kula wakasikiliza. Na ombi lake lilikuwa moja tu: Bwana awazuie ndovu. Msimu uliopita walitoka mbugani wakaingia shambani mwake, wakala mahindi mpaka na mabua, naye na wajukuu zake wakaishi kwa unga wa kuomba majirani. Jambo hilo lilimuuma sana, na kila akilikumbuka alilia.

Sasa mahindi yalikuwa yamebeba tena, na ndovu walishaonekana karibu. Ushirika wa maombi wa Alhamisi, ule unaozunguka nyumba kwa nyumba, ukaja kwake. Wageni walikuwa wengi kuliko viti, lakini Tryphena hakosi akili. Alitoa masanduku ya mbao stoo, akayapanga uani, akayatandika leso, watu wakaketi raha mustarehe.

Masanduku yenyewe yalikuwa mizinga ya nyuki. Watu wa mradi wa kuzuia ndovu waliwagawia wakulima wote kabla ya hasara ile, waitundike kwenye waya kuzunguka shamba. Ndovu akigusa waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka, na ndovu hana hamu tena. Majirani walitundika, wakavuna. Tryphena alisema atatundika akimaliza mfungo. Mfungo ulipokwisha, akaanza mwingine.

"Dada Tryphena, una ombi gani?" aliuliza Koki, Mkamba wa shamba la pili, ambaye siku hiyo ilikuwa zamu yake kuongoza.

"Si ni lile lile. Mungu aniwekee ukuta, ndovu wasipite."

Koki akafumba macho. "Baba, ukuta ulishauleta. Tunakuomba utupe nguvu za kuinuka, maana tumeukalia. Amina."

Watu waliitikia amina kwa mazoea, kisha mmoja mmoja akaanza kutazama alichokalia. Mtu fulani alicheka, akajifanya anakohoa.

"Koki, unaniombea ama unanisema?" Tryphena alinuna.

"Vyote viwili, dada yangu. Na waya nimekuja nao."

Siku hiyo chai ilisubiri. Walitundika mizinga wote pamoja, hata mwenye nyumba aliyenuna, na siyo siri kwamba kununa huku umeshika nyundo ni kazi ngumu. Nyuki nao hawakukawia kuingia.

Asubuhi moja Tryphena alikuta nyayo za ndovu. Zilifika mpaka kwenye waya, zikageuka. Alikaa chini palepale kwenye vumbi akalia, mahindi yake yakiwa yamesimama nyuma yake.

Jumapili akaitwa mbele kutoa ushuhuda. Watu walijiandaa kwa kelele zake za kawaida, lakini safari hii alisema polepole.

"Mungu alinijibu kabla sijaomba," alisema. "Mimi nikatandika leso, nikakalia."